Frasila, Debe na Mabawa: Wanawake wa Safari Ndefu, Kutoka Bagamoyo hadi Angani

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la Unyamwezi likiwa utosini hewa yake huwa nyepesi, bawa la ndege likakosa pa kujishikiza. Mary Bailey aliyajua hayo kwa gharama kubwa mwezi Aprili 1928. Alikuwa ametoka London tarehe 9 Machi, peke yake katika ndege ndogo ya de Havilland Moth isiyo na paa, akielekea Cape Town. Alikuwa na umri wa miaka 37, mama wa watoto watano. Alipoteremka kutua Tabora, ndege ilimponyoka, ikagonga chini na kuharibika vibaya. Yeye mwenyewe alitoka mzima.

Mwingine angekata tamaa akapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa hapohapo, na baada ya siku chache angekuwa Dar es Salaam akitafuta meli ya kumrudisha kwao. Bailey alituma simu ya maandishi kwa mumewe, Sir Abe Bailey, tajiri mkubwa wa Afrika Kusini. Ikanunuliwa Moth nyingine, na rubani wa jeshi la anga la nchi hiyo akairusha hadi Tabora. Tarehe 30 Aprili Bailey akatua Cape Town. Alirudi kwa kufuata upande wa magharibi wa Afrika, na alipofika Uingereza Januari 1929 alikuwa amekwisha kuruka kilomita zipatazo 29,000.

Mahali alipoangukia pana maana yake. Miaka hamsini kabla ya hapo, jina la Tabora lilitajwa kila siku Bagamoyo, kwa kuwa njia ya kwenda Ujiji ilipitia huko. Kwa miguu ilikuwa zaidi ya kilomita 800, na msafara wenye bahati ulitumia miezi miwili hadi mitatu. Kwa hiyo mwanamke aliyedondoka na ndege Tabora alidondoka katikati ya barabara kongwe ya safari ndefu katika nchi hii. Wanawake walikuwa wameipita kwa miguu muda mrefu kabla yake, na kilichoamua nani atafika na nani atabaki njiani kilikuwa kilekile: maandalizi.

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mji wa maandalizi. Pembe ziliingia, vitambaa vilitoka, na katikati ya hayo palikuwa na wiki nyingi za kuhesabu, kupima na kufunga. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mzigo ukizidi, mpagazi alichoka kabla ya kufika Usagara. Ukipungua, mwenye mali alilipa wapagazi wengi zaidi na posho zaidi. Kiongozi wa safari alipaswa kujua kwamba watu wa nchi hii wanataka merikani, wa nchi ile kaniki, na kwamba shanga zinazopendwa Ugogo huenda zisimpatie mtu hata kibaba cha mtama kwingineko. Aliyebeba shanga zisizotakiwa alilala na njaa huku amezungukwa na mali. Kila kituo kilikuwa na hesabu yake: maji yako wapi, chakula kinauzwa wapi, hongo inalipwa kwa nani.

Kumbukumbu za misafara zimejaa majina ya wanaume: kirangozi mwenye kilemba cha manyoya akitangulia na ngoma, wanyapara, askari, na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi hii kuwa heshima ya ujana wao. Lakini wanawake walikuwamo. Walibeba vyungu, mikeka na vyakula, watoto wakiwa mgongoni. Walipika kambini, walitwanga nafaka, walipika pombe na kuiuza, walitafuta kuni na maji baada ya mwendo wa siku nzima. Safari ya miezi mitatu haiendi bila mtu anayejua chakula cha kesho kitatoka wapi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Halima alikuwa mpishi wa David Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa msafara. Livingstone mwenyewe aliandika kumsifu kwa uaminifu na bidii, akaahidi kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, kabla ya kuitimiza ahadi hiyo. Watu wake waliukausha mwili, wakaufunga katika magome na turubai, wakaubeba kwa miezi tisa hadi Bagamoyo. Tarehe 24 Februari 1874 waliukabidhi kwenye misheni ya Roho Mtakatifu. Majina ya Chuma na Susi, wawili kati ya watu hao, yaliingia vitabuni na kwenye vibao. La Halima lilikaa gizani hadi mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alipomfanya msimulizi katika riwaya yake ya mwaka 2019.

Miaka 17 baada ya mwili ule kufika Bagamoyo, mwanamke mwingine aliyefanya maandalizi ya safari ndefu katika pwani hii alipata umaarufu ambao Halima hakuupata. May French-Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alifika mwaka 1891 akitaka kwenda Kilimanjaro akiwa kiongozi wa msafara wake mwenyewe. Mjini Mombasa maofisa Waingereza walimkatalia msaada. Hawakuona vipi mwanamke ataongoza wapagazi zaidi ya mia moja. Alivuka hadi Zanzibar, akapata barua za Sultani Ali bin Said, na kwa barua hizo akapata watu. Mizigo yake ilipangwa kwa makini: zawadi, pete zilizochongwa jina lake, kiti cha kubebwa kilichosukwa, hata gauni la dhifa la kuvaa mbele ya machifu. Kwa mashua alilizunguka ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. Wakati wa kurudi kiti chake kilidondoka kutoka darajani, akaumia mgongo, na wapagazi wakambeba hadi Pangani akiwa hoi. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka 1893 wanachama wakapiga kura kuufunga tena mlango huo kwa wanawake.

Ndege zilipofika Afrika Mashariki zilikuta hesabu za Bagamoyo zikiwasubiri. Ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya ilikuwa DH.51 iliyoletwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925, ikapewa jina la Miss Kenya. Aliyeiagiza alikuwa John Carberry, mlowezi wa Nyeri. Mkewe Maia naye alikuwa rubani, akawa mwalimu wa wengine, na alikufa mjini Nairobi Machi 1928 ndege yake ilipoanguka akiwa na mwanafunzi. Wiki chache baadaye Bailey alipita huku akielekea kusini.

Bailey hakuwa peke yake njiani mwaka huo. Mary Heath, mwanamke kutoka Ireland, alikuwa akitoka kusini kwenda kaskazini, kutoka Cape Town hadi London, katika ndege ya Avro Avian. Mizigo yake ilishangaza watu: Biblia, bunduki, raketi za tenisi, koti la manyoya na magauni ya jioni. Lakini nusura safari yake iishie karibu na Bulawayo, kwa jambo ambalo mizigo ile yote isingeliweza kulizuia: jua kali lilimpiga kichwani akiwa angani. Aliishusha ndege porini akazirai, na wanawake wa huko ndio waliomkuta na kumhudumia. Majina yao hayakuandikwa popote.

Wanawake hawa wawili walipishana Khartoum. Serikali ya Sudan ilikuwa imekataa mwanamke aruke peke yake upande wa kusini, ambako ofisa mmoja wa serikali alikuwa ameuawa muda si mrefu. Luteni Bentley, rubani wa Afrika Kusini aliyekuwa safarini na mkewe katika njia hiyohiyo, akapewa kazi ya kuwasindikiza. Heath alifika London tarehe 17 Mei 1928, mtu wa kwanza kuruka peke yake katika ndege ndogo ya wazi kutoka Cape Town hadi huko.

Tazama jinsi safari hizi zilivyoandaliwa. Ndege aina ya Moth haikuweza kwenda mbali bila kutua, hivyo mafuta yalipaswa kutangulia. Makampuni ya mafuta yalipeleka petroli kwa reli, kwa lori na vichwani mwa watu hadi kwenye viwanja vilivyofyekwa porini, ikae ikimngoja rubani kama vile posho ya msafara ilivyokuwa ikimngoja mpagazi. Petroli hiyo ilikuja katika mabati ya galoni nne, lita 18 hivi. Bati hilo tunalijua sote: ni debe. Lilipokwisha mafuta liliingia sokoni na jikoni, likawa kipimo cha mahindi, cha mkaa na cha maji, na leo hii mama anayeuza mahindi sokoni Bagamoyo bado anayapima kwa debe.

Rubani alimimina debe baada ya debe kwenye tangi kupitia ngozi laini iliyotandazwa ndani ya mdomo wa funeli. Ngozi ile ilipitisha petroli na kuzuia maji na takataka. Kazi yenyewe ilichukua saa nzima au zaidi, juani, mikono ikinuka mafuta. Aliyeona uvivu kuifanya aliweza kuruka vizuri kwa nusu saa, kisha tone la maji likafika kwenye kabureta na injini ikanyamaza juu ya msitu. Marubani wa miaka ile waliikagua ngozi ile kama mnyapara alivyokagua kamba za mizigo alfajiri.

Ng'ambo ya bahari wanawake walikuwa wameanza kushindana wao kwa wao. Agosti 1929 marubani wanawake 20 waliingia katika mbio za kutoka Santa Monica, California, hadi Cleveland, Ohio, zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku tisa. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha kwamba amekwisha kuruka peke yake saa 100, na 25 kati ya hizo ziwe za safari ya kutoka mji hadi mji. Marvel Crosson alianguka Arizona akafa. Magazeti yakadai mbio zisimamishwe. Wenzake wakakataa, wakaendelea. Louise Thaden akashinda daraja la ndege kubwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo marubani wanawake wa Marekani wakaanzisha chama chao, kikaitwa Ninety-Nines kwa idadi ya wanachama wake wa mwanzo, 99.

Mwaka huo Nairobi nako kulikuwa na tukio. Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na fedha na imani kubwa kwa ndege, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwezi Julai akiwa na ndege moja ndogo, Gipsy Moth, na rubani mmoja, Tom Campbell Black. Watu walidhani mama huyu anatupa mali yake. Miaka mitatu baadaye ndege zake zilikuwa zikibeba barua na abiria kutoka Nairobi hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Abiria aliyeketi upande wa kulia, akitoka Tanga, alikuwa akiuangalia ufuo wa Pangani, kisha Saadani, kisha Bagamoyo: mikoko, midomo ya mito, matanga ya mashua. Pwani ambayo Halima aliifikia baada ya miezi tisa ilipita chini ya bawa kwa muda usiozidi saa chache. Vita ilipoanza mwaka 1939 serikali ilizichukua ndege na marubani wake, na kampuni ikafungwa. Jina limebaki kwenye kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi.

Katika kampuni hiyo ndipo Beryl Markham alipojifunza. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi, akakulia Njoro kwenye shamba la baba yake. Kiswahili alikizungumza tangu utotoni, na rafiki yake wa kucheza na kuwinda alikuwa Kibii, mvulana wa Kikalenjin ambaye baadaye akaitwa arap Ruta. Akiwa na umri wa miaka 18 Markham alikuwa na leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Kisha Campbell Black akamfundisha kuruka.

Leseni ya biashara aliyoipata mwaka 1933, ya kwanza kwa mwanamke nchini Kenya, haikutolewa kwa kuruka tu. Ilimbidi mwombaji aijue injini hadi ndani: aifungue, asafishe vichujio, aeleze kazi ya kila kipande, asome ramani na hali ya hewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuruka peke yake kutoka Nairobi hadi Uingereza. Sasa akafanya kazi ya kubeba barua na dawa, na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Arap Ruta alifanya kazi naye, kwanza kwenye mazizi ya farasi, kisha kwenye banda la ndege. Ndege iliyoruka salama ilikuwa imepita mikononi mwake kwanza.

Hapo ndipo mbio kubwa zinapoingia. Mwaka 1936 tajiri I. W. Schlesinger wa Afrika Kusini alitangaza zawadi ya pauni 10,000 kwa mbio za ndege kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg, ambako maonyesho makubwa yalikuwa yakifunguliwa. John Carberry, yule wa Miss Kenya, aliagiza ndege mpya kwa ajili ya mbio hizo: Percival Vega Gull yenye injini ya nguvu-farasi 200, iliyosajiliwa Kenya kwa herufi VP-KCC. Markham alikuwa na shauku nyingine. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni njia nzima. Carberry akamwazima ndege kwa sharti moja: iwe imerudi kabla ya mbio za Septemba.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya maandalizi matupu. Matangi ya ziada yaliwekwa ndani ya chumba cha abiria hadi rubani akazungukwa na petroli pande zote. Kila tangi lilikuwa na koki yake, na utaratibu ulikuwa mkali: tangi moja liachwe likauke kabisa, injini izime, ndipo rubani apapase gizani kufungua koki ya tangi jingine na kungoja injini iamke. Redio haikuwamo. Jaketi la kuokolea majini aliliacha, kwa sababu lingechukua nafasi ya nguo za baridi, na baridi ilikuwa na uhakika kuliko kuanguka. Rubani maarufu Jim Mollison alimwazima saa yake ya mkononi. Halafu akangoja. Siku baada ya siku taarifa za hali ya hewa zilikuwa mbaya, na waandishi wa habari wakaanza kunong'ona kwamba hataondoka.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka kwenye kiwanja cha jeshi cha Abingdon, ndege ikiwa nzito kwa mafuta. Zaidi ya saa 21 baadaye, akiwa amekwisha kuiona nchi kavu ya Kanada, tangi la mwisho lilikataa kutoa mafuta. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Alishuka kwenye tope la Baleine, kisiwani Cape Breton. Pua ya ndege ikazama, yeye akapata jeraha la kichwa. New York, aliyokuwa akiikusudia, hakufika kwa bawa lake. Lakini bahari alikuwa ameivuka, na wakazi wa New York walimpokea mitaani kwa maelfu.

VP-KCC haikuwahi mbio. Tarehe 19 Septemba ikaja habari nzito zaidi. Tom Campbell Black, mwalimu wa Markham, alikuwa Liverpool na ndege yake ya mbio, akitembea nayo polepole uwanjani, pale ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ilipomgonga. Akafa. Siku kumi baadaye ndege tisa ziliondoka Portsmouth. Mbio zilipita juu ya nchi yetu na kuacha mabaki njiani: ndege moja ilishushwa kwa shida ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nyingine ilianguka Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo kidogo ya mpaka, ikaua rubani wake Max Findlay na mtu wake wa redio. Waliofika Johannesburg walikuwa wafanyakazi wa ndege moja tu, C. W. A. Scott na Giles Guthrie, kwa saa 52 na dakika 56. Ndege yao ilikuwa Vega Gull, ndugu wa ile aliyoirusha Markham.

Mtu akizisoma habari hizi anaweza kuona ushujaa peke yake, na ushujaa ulikuwapo. Lakini haki inataka tuseme jambo jingine kwa sauti. Wanawake hawa walikuwa na mali, au waliwajua wenye mali. Bailey alipoteza ndege Tabora akapata nyingine kabla mwezi haujaisha, kwa simu moja. Viwanja walivyotua vilifyekwa na Waafrika. Madebe yalibebwa na Waafrika. Ndege zilisukumwa, zikalindwa usiku, zikafutwa vumbi na Waafrika. Katika Tanganyika na Kenya za wakati huo, mtoto wa kike wa Kinyamwezi au wa Kizaramo aliyeinua macho kuitazama Moth ikipita hakuwa na shule wala mkopo wala sheria ya kumfikisha ndani yake. Tofauti ya Beryl Markham na arap Ruta haikuwa kipaji. Walikua pamoja, waliwinda pamoja. Mmoja akapewa leseni, mwingine akapewa kitambaa cha kufutia.

Mlango ulianza kufunguka baada ya uhuru. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, na vijana wa nchi tatu wakaanza kufundishwa nyumbani. Wasichana walichelewa kuonekana. Irene Koki Mutungi alipoanza kazi Kenya Airways mwaka 1993, kwa miaka kadhaa alikuwa rubani mwanamke pekee wa shirika hilo. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Viwango vya kimataifa havibagui jinsia wala havina huruma: kwa kawaida saa 200 za kuruka kwa leseni ya biashara, saa 1,500 kwa leseni ya juu ya rubani wa shirika. Kila saa ina bei yake ya mafuta na mwalimu. Ndiyo frasila ya siku hizi, na familia nyingi haziwezi kuibeba.

Kwa Tanzania, jina la kutajwa ni Susan Mashibe. Amesimulia kwamba ndoto yake ilianzia Kigoma, akiwa mtoto mdogo, akiitazama ndege iliyowachukua wazazi wake na kumwacha. Kigoma na Ujiji ni mwisho wa njia iliyoanzia Bagamoyo. Alisoma Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa na vyeti vya huko vya urubani na vya ufundi wa ndege kwa pamoja. Kama Markham, aliijua injini hadi ndani. Aliporudi alianzisha kampuni mwaka 2003, ambayo leo inajulikana kwa jina la VIA Aviation. Kazi yake ni kuwaandalia wenye ndege binafsi safari zao: vibali vya kupita na kutua, mafuta, mapokezi uwanjani. Mzee wa Bagamoyo wa mwaka 1870 angeielewa biashara hiyo bila kufafanuliwa. Ni kupanga msafara wa mtu mwingine ili asikwame njiani, na ndiyo kazi iliyoujenga mji wake.

Siku hizi ndege ndogo zinazounganisha Zanzibar, Dar es Salaam, Saadani, Pangani na Tanga hupita kando ya ufuo huu mchana kutwa. Nyingi ni za injini moja, mabawa juu, miguu imara ya kutua kwenye udongo. Aina yake, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, inaitwa Cessna Caravan. Kwa Kiswahili, msafara. Kabla ya kila safari rubani huizunguka kwa miguu, hupapasa bawa, hupima uzito wa abiria na mabegi, na hutoa mafuta kidogo ya tangini kwenye kikombe cha kioo akitazama kama yana maji.

Bagamoyo imehifadhi mengi: misheni, magofu ya Kaole, nyumba ya misafara, mnara alipolazwa Livingstone. Watunzaji wa mji huo wamefanya kazi kubwa kwa fedha chache, na ombi kwao ni dogo. Pale yanapoandikwa majina ya Chuma na Susi, liandikwe na la Halima. Panaposimuliwa habari za kirangozi na wapagazi, watajwe wanawake waliobeba vyungu na watoto kwa mamia ya kilomita. Shule za Bagamoyo, Saadani na Pangani zikiwaleta wasichana kuona makumbusho, waelezwe kwamba njia inayoanzia hapo imepitwa na wanawake kwa miguu na kwa mabawa, na kwamba kilichowafikisha ni hesabu, ufundi na watu wa kuwaunga mkono, mambo ambayo taifa linaweza kumpa mtoto yeyote likiamua.

Nawe msomaji, ukifika Bagamoyo na mwongozaji akaanza kukusimulia habari za Livingstone, muulize: Halima alifika lini, na ile nyumba aliyoahidiwa iko wapi?